Nimeandikiwa tretinoini ya chunusi, uso unachoma na kubambuka, na mfunguo tatu tuna harusi. Niendelee au niache?

BintiChwaka

Asalam alaykum jamani. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi dawa za uso za kuandikiwa na daktari. Nna miaka 29, chunusi zangu si za ujana, nliambiwa nikizaa zitaondoka, nimezaa na mwanangu keshaacha ziwa na bado zipo tu, zinakaa kidevuni na kwenye taya, na zikipona zinaacha madoa meusi ambayo wallahi yananikera kuliko chunusi zenyewe. Daktari wa ngozi kaniandikia tretinoini ya krimu asilimia 0.05 akanambia paka usiku. Foleni ilikuwa ndefu, watu nje wanagonga mlango, mengine sikupata kuuliza.

Napaka kila usiku baada ya isha, uso mzima, napaka hasa. Sasa pembeni mwa pua na pembe za mdomo panabambuka, nikitawadha maji yanachoma, na vichunusi vidogo vidogo naona vimezidi badala ya kupungua. Bi mkubwa anasema hiyo dawa imenikataa niitupe nirudi kwenye liwa na manjano. Halafu mdogo wangu anaolewa mfunguo tatu na mimi ndo wa kusimamia kila kitu, sitaki kusimama mbele za watu na uso wa mabaka. Na huyo bi harusi mwenyewe kaiona tyubu, anasema mashoga zake wamemwambia inang'arisha uso na kuondoa mikunjo, anataka tutumie sote. Hata bi mkubwa baada ya kunigombeza kaniuliza chini chini kama kweli inaondoa mikunjo.

Kwahivyo niendelee? Na ni kweli inafanya ngozi iwe nyembamba? Na jua letu hili je, mana mimi kila siku niko njiani.

Famasi_Mwanakwerekwe

Waalaykum salam dada. Usiitupe, lakini usiendelee hivyo unavyofanya. Nafanya kazi duka la dawa na watu wa namna yako nawaona sana, dawa ni nzuri, aliyeandika hakukosea, ila wameanza kwa kasi ambayo ngozi haiiwezi.

Tretinoini ni asidi inayotokana na vitamini A. Kazi yake ni ndani ya kitundu cha nywele, inazifanya seli zilizokufa zitoke moja moja badala ya kugandana na kuziba, na chunusi yoyote, hata ile kubwa ya usaha, mwanzo wake ni kitundu kilichoziba ambacho kwa jicho hukioni. Ndo mana haipakwi juu ya chunusi iliyokwishatoka peke yake, inapakwa eneo zima ambalo kawaida hutoka, kwa sababu unazizuia za mwezi ujao. Si kitu cha jana, Marekani waliiruhusu kwa chunusi tangu 1971.

Sasa leo usipake. Wala kesho. Acha mpaka hapo puani na mdomoni papone, osha uso kwa sabuni laini isiyo na harufu au maji matupu, paka losheni isiyo na manukato, na penye kubambuka tia vaselini kidogo, basi, usiongeze kitu chengine. Ukiona maji ya udhu hayachomi tena ndo unarudi, na unarudi kwa usiku mmoja halafu unapumzika mbili, unaenda hivyo wiki mbili tatu, ngozi ikitulia unapunguza mapumziko, taratibu mpaka ufike kila usiku. Wapo wasioweza kila usiku na wanabaki mara tatu kwa wiki miaka na miaka, na inawafaa vizuri tu.

Kiasi ni punje moja ya mbaazi kwa uso mzima. Uso mzima dada, si shavu. Unaigawa vitone kwenye paji, mashavu na kidevu halafu unatandaza. Ukizidisha huponi haraka, unaungua haraka. Kabla ya kupaka kausha uso ukae kama dakika 20 mana ngozi yenye majimaji inachoma zaidi. Pembe za pua, pembe za mdomo na kope zizungushie vaselini kwanza, hapo dawa hujikusanya ndo mana wewe pameanza hapo. Na kwa vile ngozi yako imeshachokozeka, paka losheni kwanza, halafu dawa, halafu losheni tena juu. Nguvu inapungua kidogo lakini utaweza kuendelea, na dawa hii faida yake inamfika anayeendelea.

La udhu nimeulizwa mara nyingi. Sali isha, osha uso, paka, lala. Ukitawadha alfajiri usidhani unaiosha kazi yake, usiku kucha imeshaingia. Usipake magharibi ukaja kutawadha kwa isha, hapo kweli unaiondoa na mikono inaipeleka machoni. Mchana usipake kabisa, tretinoini ya kawaida ikipigwa na mwanga inaharibika.

Vichunusi kuzidi mwanzoni hutokea kwa baadhi ya watu, vile vilivyokuwa chini vinatoka pamoja, na mara nyingi ndani ya wiki 6 hivi hali inatulia. Nafuu ya chunusi usiipime kabla ya wiki 8 mpaka 12. Madoa yanachukua muda zaidi ya hapo.

Na hili naomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Sisi wenye ngozi nyeusi, ngozi ikichokozeka tu ikipona inaacha doa. Kwahivyo anayevumilia uso unaochoma akijipa moyo kwamba dawa inafanya kazi anajiongezea madoa yale yale aliyokuja kuyatibu. Wekundu kidogo na ukavu mwanzoni sawa, kubambuka kidogo sawa, lakini kuchoma kila ukigusa maji, kuvimba, malengelenge, majimaji kutoka, hapo unaacha na unarudi kwa aliyekuandikia. Mwambie pia kuhusu hiyo 0.05, huenda akakushusha 0.025 au akakupa adapaleni 0.1 ambayo ni ya ukoo huo huo lakini ni pole zaidi, na mwanga hauiharibu.

Kuhusu wembamba, ile ngozi ya juu kabisa iliyokufa ndo inayopungua mwanzoni, ndo mana unasikia jua na upepo vinakugusa zaidi. Ngozi ya ndani haiwi nyembamba, ukitumia muda mrefu inajengeka. Kinachokondesha ngozi ni krimu za steroidi, zile za kuzima uvimbe na muwasho, watu wanazichanganya hizi mbili.

Jua: hapa Unguja tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, mchana siku nyingi kipimo cha UV, ile mionzi ya jua inayounguza, kinapita 10 na mawingu hayazuii yote. Sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya SPF 30 (kipimo cha kinga yake) kwenda juu kila asubuhi, kiasi cha mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo, na ukikaa nje urudie kila saa mbili. Ushungi haufuniki mashavu. Ukipata ile yenye rangi ya ngozi ndani ni bora zaidi kwa madoa, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo inazuia hata mwanga wa kawaida ambao kwenye ngozi nyeusi unakoleza madoa, na haikuachi mweupe kama uliyepakwa chokaa. Kama sanskrini huiwezi kwa bei, sema hivyo kwa daktari kabla hujaendelea, kutumia dawa hii bila kinga ya jua kwetu huku ni kuchota na kumwaga.

Mama_Wete

Bint yangu mambo mengi Famasi keshayasema, mimi nakuja kwa upande wa bi mkubwa wako. Nna miaka 58, nlikuwa mwalimu skuli na likizo zote mwanini na shambani, jua limenipiga usoni tangu utoto. Natumia tretinoini kwa daktari ni miaka sasa, kwa hiyo mikunjo na mabaka.

Mwanzo ilikuwa dawa ya chunusi tu. Mwaka 1986 daktari wa Marekani Albert Kligman na wenzake wakaandika kwamba inatengeneza ngozi iliyoharibiwa na jua, na 1995 ikaruhusiwa kule ile ya 0.05 ya watu wazima kwa mikunjo midogo. Jua linavunja ile kolajeni inayoshika ngozi, na hii inaiamsha ngozi itengeneze nyengine. Kwahivyo ina ukweli, si porojo za mitandaoni. Lakini mwambie bi mkubwa ajue inachokifanya na isichokifanya. Mikunjo midogo ya pembe za macho inalainika, ukavu wa mkwaruzo unaondoka, mabaka ya jua yanafifia. Shavu lililolegea halinyanyuki. Mfereji wa kutoka puani kwenda mdomoni haufutiki. Na ni miezi, si wiki, mimi miezi ya mwanzo nliona ukavu tu na majirani wakiniuliza unaumwa, mabadiliko ya kweli yanakuja baada ya miezi 6 na kuendelea, na ukiacha moja kwa moja faida inaondoka polepole.

Ngozi ya mtu mzima haina mafuta ya kijana, kwahivyo bi mkubwa asipewe tyubu ya mtoto wake akaambiwa paka. Aende aonwe. Mabaka mengine ya utu uzima si ya jua yanataka kuangaliwa na daktari, hasa doa linalokua, linalobadilika rangi au kidonda kisichopona, hilo usilipake chochote mpaka lionwe. Akianza aanze na mara mbili kwa wiki na losheni nzito juu, na shingo aiache mpaka uso uzoee, shingo ni nyepesi kuungua. Mimi shingo napaka ile inayobaki kwenye vidole tu.

Na kama hataki habari za daktari kuna retinoli zinazouzwa bila kuandikiwa, hizo ngozi inabidi izigeuze kwanza ndani kuwa asidi ndo zifanye kazi, kwahivyo nguvu yake ndogo na kuunguza kwake kudogo. Kwa mtu wa umri wangu ambaye ngozi yake kavu sana si mwanzo mbaya. Lakini nasema kwa dhati, sanskrini ya kila siku na kofia pana shambani zinamsaidia zaidi kuliko retinoli ya bei kubwa.

Yakhe_Chake

Nami nadandia hapa hapa. Nna vipele vya ndevu, kila nikinyoa shingoni vinatoka na vinaacha weusi, je hii dawa inafaa kwa wanaume? La pili, mke wangu kanunua krimu dukani bila cheti, muuzaji kamwambia ndani mna hiyo hiyo tretinoini, na kweli kwenye boksi imeandikwa, pamoja na haidrokwinoni na mometasoni. Uso umekuwa mzuri ndani ya siku chache kuliko huyu dada anayehangaika. Ndo hiyo hiyo au siyo?

Famasi_Mwanakwerekwe

Yakhe siyo hiyo hiyo, na nimefurahi umesoma boksi. Huo ni mchanganyiko wa vitu vitatu, na asili yake ni tiba ya kweli, huyo huyo Kligman aliandika fomula ya namna hiyo mwaka 1975, tretinoini, haidrokwinoni inayopunguza weusi, na steroidi. Daktari humpa mwenye melasma, yale mabaka ya weusi usoni, kwa wiki chache akimfuatilia. Tatizo ni kuuzwa kama krimu ya kung'arisha, mtu anapaka miezi na miaka. Uzuri wa siku chache unaouona ni steroidi, mometasoni ni steroidi na haina nafasi ya kukaa usoni kwa mtu kila siku. Inazima wekundu na uvimbe wote, uso unakuwa laini, halafu ngozi ya ndani inakonda, mishipa midogo inaonekana, zinatoka chunusi za aina yake, vipele vinazunguka mdomo, na akiacha uso unalipuka, unachoma, kwahivyo anarudi kupaka na hapo keshafungwa. Haidrokwinoni nayo ikipakwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kibuluu ambao kuutoa ni kazi ngumu sana, na haidrokwinoni kwenye vipodozi imepigwa marufuku Tanzania.

Kama ni siku chache tu aache, atumie losheni na sanskrini. Kama ni miezi asiache peke yake gizani, amwone daktari, kwa huko kwenu aanzie hospitali ya Chake Chake au Abdalla Mzee Mkoani, aende na boksi lenyewe mkononi, na asione haya, daktari hawezi kumsaidia asichokijua. Kwenye maboksi mengine mtafute betamethasoni, klobetasoli, fluosinoloni, yote ni steroidi. Na ambayo haina maandishi kabisa, ile ya kukorogwa kwenye kikopo, hiyo ndo mbaya kuliko zote, nyengine zina zebaki inayoingia mpaka kwenye figo. Duka linalouza hivyo lipelekeeni taarifa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Vipele vya ndevu ndiyo, madaktari wanaandika tretinoini au adapaleni kwa hilo, zinaizuia ile ngozi isizibe juu ya nywele iliyojikunja. Lakini nusu ya kazi ni kunyoa kwenyewe, usinyoe ukavute ngozi, usirudie mara mbili tatu pale pale, nyoa kuelekea zinakolala, na ukiweza tumia mashine uache kidogo badala ya wembe. Usipake usiku wa siku uliyonyoa, na spiriti za baada ya kunyoa uziache.

Singo_Ngambo

Miye kazi yangu kuwasinga mabi harusi, naomba mnisikilize na miye. Dada wa Chwaka, wewe na mdogo wako mtaingia kwenye singo sote twajua, na singo letu lina liwa, karafuu, maua, mchele wa kusaga, linasuguliwa. Juu ya ngozi iliyo kwenye hizi dawa usoni linachubua. Nimeona bi harusi kabanduka shavu siku mbili kabla ya nikahi na hakuna aliyemwuliza anapaka nini. Tangu hapo kila anayekuja namwuliza kwanza, unapaka dawa gani usoni, na akiwa anapaka basi mwili nausinga, uso nauacha, natia liwa ya maji tu bila kusugua, na mwenye ngozi iliyobambuka hata hiyo simtii.

Na kutoa nywele za uso kwa nta au halawa, hilo ndo kubwa, inabeba ngozi pamoja na nywele. Aache dawa wiki nzima kabla, na baada yake asubiri mpaka pasichome. Uzi wa nyusi ni nafuu lakini napo asipake dawa siku hiyo. Mafuta ya karafuu usoni hapana, tena mtu anasema ni ya asili ya kwetu Pemba, ni ya kwetu ndiyo na ni makali. Ndimu pia hapana. Bi mkubwa asikasirike, liwa na manjano havijakatazwa milele, ila visikutane na dawa wiki hizi.

BintiChwaka

Allah awalipe nyote, nimemsomea bi mkubwa yote mpaka mwisho, kanyamaza halafu kaomba nimpeleke kwa daktari. Tyubu nimeiweka pembeni, natia losheni tu. Nna mawili bado. Nina sabuni ya benzoili peroksaidi niliyonunua mwanzo, niitumie nayo? Na bi harusi hajakubali, anasema yeye chunusi zake chache hazimuunguzi, na wao wanataka mtoto mwanzo mwanzo wala hawatazuia.

Famasi_Mwanakwerekwe

Benzoili peroksaidi ni dawa nzuri ya chunusi lakini usiiweke pamoja na tretinoini usiku mmoja, tretinoini za kawaida zinaharibiwa nayo na zote mbili zinakausha. Subiri ngozi itulie, halafu osha nayo asubuhi, mara chache kwanza. Angalia na taulo, inachujua rangi.

Kwa bi harusi jibu ni hapana, na hapa silegezi. Retinoidi, yaani ukoo huu wote wa dawa za vitamini A, haziendi na mimba. Za vidonge, isotretinoini, zinaharibu mtoto tumboni, hilo limethibitika, na mwanamke haanzishiwi bila kupimwa mimba na kuzuia, na anazuia mpaka mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Za kupaka zinaingia mwilini kidogo sana, lakini tazaroteni imekatazwa waziwazi kwa mjamzito, na tretinoini na adapaleni ushauri ni kuziacha kwa aliye na mimba na kwa anayeitafuta, kwa sababu hakuna haja ya kubahatisha kwa chunusi. Akiwa anataka mtoto mwanzo mwanzo basi hii si ya kuanza sasa. Na harusi yenyewe ishakaribia, angeanza leo angefika siku ya nikahi katikati ya wiki za kubambuka.

Mwambie amwombe daktari asidi ya azelaiki, inatibu chunusi na madoa yote mawili na hutumika hata kwa wajawazito, au hiyo benzoili peroksaidi yako kwa uchache. Na wewe dada, mtoto keshaacha ziwa sawa, lakini kama na wewe unatia nia ya mwengine mwambie daktari kabla hujairudia tyubu, na ukichelewa siku zako wakati unapaka acha na ukapime. Kwa harusi ya mdogo wako mfunguo tatu, ukipumzika sasa na ukarudi kwa mara mbili kwa wiki utafika na uso uliotulia, na wiki ile ya shughuli iache kabisa mana kutakuwa na vipodozi, jasho na usiku wa kukesha. Tyubu ifunge vizuri uitie kabatini pasipofika jua wala joto la jikoni, na mbali na mtoto.

Mama_Wete

Na bi mkubwa wako akifika kwa daktari abebe dawa zote anazomeza, na za presha pia, mana zipo zinazoifanya ngozi ishikwe na jua haraka na daktari anahitaji kujua kabla ya kumwandikia.